Tai wa Mbao Juu ya Karatasi: Namna Marekani Ilivyochora Michongo ya Mafundi Wake

Mhadhara uliotolewa mbele ya mafundi wa kuchonga mbao na wanafunzi wa sanaa, Mji Mkongwe, Zanzibar

Asalaam aleikum. Shikamooni wazee wangu mafundi mlioketi mbele. Wanafunzi, hamjambo. Nawashukuru kwa kuja, maana najua wengine mmetoka karakana moja kwa moja na vumbi la mbao bado liko nguoni.

Naomba kwanza muitazame picha hii ukutani kabla sijaieleza. Ni tai. Amechongwa kwa mti wa msonobari, mabawa ameyainua, na kifua kimejaa mikato midogomidogo inayopishana, kila mkato una upande wa mwanga na upande wa giza. Rangi ya kahawia imebanduka begani, mbao inachungulia. Aliyeketi nyuma atasema hii ni fotografia. Siyo. Ni rangi za maji. Kuna mtu alikaa mbele ya tai wa aina hii akiwa na brashi na kikombe cha maji, akafuata kila mkato wa kisu mpaka ulipoishia.

Michoro ya namna hii iko zaidi ya 18,000. Imehifadhiwa Washington, katika makumbusho ya National Gallery of Art, na mkusanyo wote unaitwa Index of American Design, yaani Fahirisi ya Ubunifu wa Marekani. Humo mna samani, mablanketi ya kufuma, vyungu, nguo, kufuli, wanasesere, mpaka vibao vya kupigia chapa siagi. Leo nitashika michongo tu. Ninyi ni watu wa patasi, na mtakubaliana nami kwamba hakuna kitu kinachomtesa mchoraji kama mchongo. Una unene, una mashimo, unageuka kila unapohamisha kichwa, na yeye ana karatasi bapa.

Nina jambo moja la kuwaambia, mengine yote nitakayosema yanalitumikia hilo. Kuchora kitu kwa uangalifu huu ni kukitolea ushahidi. Na ushahidi hauishii kwenye ukweli wa shahidi. Unategemea pia nani aliitwa kuja kusema, na nani aliachwa nje ya mlango.

Tuanze na njaa, kwa sababu kazi hii ilizaliwa na njaa. Mwaka 1929 soko la hisa la New York lilianguka, na kufikia 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini Marekani hakuwa na kazi. Mchoraji ndiye wa kwanza kukosa mteja katika hali kama hiyo. Mwaka 1935 serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliunda WPA, chombo cha kuwapa watu ajira badala ya sadaka: kujenga barabara, shule, madaraja. Msimamizi wake, Harry Hopkins, alipoulizwa kwa nini fedha za umma ziwaendee wasanii, alijibu kwamba wasanii nao wanakula kama watu wengine. Ninalipenda jibu hilo kwa sababu halimpambi msanii. Linamweka kwenye foleni moja na fundi mwashi.

Ndani ya WPA ukaanzishwa Mradi wa Sanaa wa Shirikisho, mkurugenzi wake Holger Cahill. Mtu huyu alizaliwa Iceland mwaka 1887 akiwa na jina jingine kabisa, akakulia Canada na North Dakota katika ufukara, na jina la Cahill alijipa mwenyewe ukubwani. Kabla ya kuingia serikalini alikuwa ameandaa maonyesho ya sanaa ya watu wa kawaida katika makumbusho ya Newark, na mojawapo, la miaka ya 1931 na 1932, lilikuwa la sanamu na michongo ya mafundi wasiosomea sanaa. Mwaka 1932 akaandaa jingine New York, katika Museum of Modern Art. Kwa hiyo michongo ilikuwa moyoni mwake kabla ya kuwa kazini mwake.

Lakini wazo la Fahirisi lenyewe lilitoka kwa wanawake wawili. Romana Javitz alisimamia mkusanyo wa picha katika maktaba ya umma ya New York. Wabunifu wa vitambaa, wa samani, wa mavazi ya jukwaani walikuwa wakimjia kila siku kutafuta mifano. Wakitaka ya Ufaransa, anayo. Wakitaka ya Ujerumani au ya Uajemi, anayo pia. Wakitaka ya Marekani yenyewe, rafu tupu. Ruth Reeves, mbunifu wa vitambaa, alilichukua tatizo hilo na kulisukuma mpaka likafika kwa watu wenye fedha za mradi, naye akawa mratibu wa kwanza wa kitaifa. Mwandishi Constance Rourke aliletwa kuwa mhariri. Kazi ikaanza rasmi mwanzoni mwa 1936 na kuenea katika majimbo mengi, ingawa kaskazini-mashariki ndiko ilikoshamiri zaidi.

Fundi hapa ananiuliza swali, nami nalijibu sasa hivi kwa kuwa ndilo kila mtu angeuliza: kwa nini wasipige picha tu?

Walipiga, mzee wangu. Fotografia za rangi nyeusi na nyeupe zilitumika sana kama kumbukumbu na msaada. Tatizo lilikuwa rangi. Filamu ya Kodachrome iliingia sokoni mwaka 1935 tu, na uchapishaji wa rangi wa wakati ule haukuaminika: nyekundu ya tofali ingegeuka nyekundu ya damu, na baada ya miaka michache ingefifia. Sababu ya pili sikuificha tangu mwanzo, watu walihitaji kazi, na kamera moja ingeondoa ajira ya wachoraji mia. Lakini iko ya tatu, ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi. Kamera hupokea mwanga ulioko wakati huo, ukianguka vibaya kwenye mchongo basi nusu ya kazi ya fundi inamezwa na kivuli. Mchoraji hukaa. Huinuka, huzunguka, hupapasa kwa kidole akiruhusiwa, hurudi kwenye kiti. Anajua kilichomo ndani ya kile kivuli, na anaweza kukifungua kidogo ili nawe ukione bila kudanganya umbo.

Mtindo wenyewe una asili ya kuvutia, na inapita barani kwetu. Huko Boston, katika Museum of Fine Arts, palikuwa na mchoraji aitwaye Joseph Lindon Smith, aliyefanya kazi miaka mingi Misri akinakili michongo ya kuta za makaburi ya kale. Alikuwa na lengo moja, picha yake ionekane ni jiwe. Uso wa mchongo uliokatwa kwa patasi maelfu ya miaka iliyopita, rangi iliyobaki vipande vipande, mikwaruzo, vyote vibaki mahali pake. Mwanafunzi wake Suzanne Chapman alijifunza uangalifu huo na kuuhamishia kwenye rangi za maji, na Fahirisi ilipoanza Massachusetts yeye ndiye aliyewafundisha wachoraji. Mtindo wa Massachusetts ukawa kipimo ambacho majimbo mengine yalitakiwa kukifikia. Kwa hiyo mnapomtazama tai huyu wa Pennsylvania mjue kwamba jicho lililomchora lilinolewa mbele ya michongo ya Misri.

Sasa niwaeleze kazi ilivyokwenda, wanafunzi shikeni kalamu.

Kitu huwekwa peke yake. Hakuna meza, hakuna chumba, hakuna mandhari, ni karatasi nyeupe tu na kivuli chepesi cha kukikalisha kitu chini kisielee. Mwanga kwa kawaida hutoka upande mmoja kwa juu. Kwanza huja mchoro wa penseli uliopimwa kwa bikari na rula, mwembamba kiasi cha kupotea baadaye. Halafu rangi nyepesi kabisa, ile ya mahali palipong'aa kuliko pote, na pale panapong'aa kweli karatasi huachwa wazi. Tabaka likikauka linafuata jingine. Rangi za maji za uwazi zina sheria ngumu: unaweza kuongeza giza, huwezi kurudisha mwanga. Ukikosea sehemu ya mwanga, karatasi imekwisha. Mchoro mmoja uliweza kuchukua majuma.

Kwa mbao iliyopakwa rangi ugumu ni mara mbili. Lazima uchore umbo la mchongo, na juu ya umbo hilo uchore ngozi ya rangi, na juu ya ngozi hiyo uchore jinsi ilivyochakaa. Hapa imesuguliwa na mikono, hapa imepasuka kwa jua, hapa mtu wa baadaye alipaka rangi mpya ambayo haikulingana na ya zamani. Vitu vitatu hivyo havifuati njia moja. Mwanafunzi mvivu huvichanganya vyote kuwa kahawia moja ya jumla. Wachoraji wa Fahirisi walivitenganisha, na ndiyo maana mpaka leo mhifadhi anaweza kusoma historia ya rangi kwenye karatasi.

Pamoja na kila mchoro ilijazwa fomu ya maelezo: kitu gani, kimetengenezwa na nani kama anajulikana, wapi, lini, kwa nini, kinamilikiwa na nani, vipimo vyake. Mahali pa jina la fundi mara nyingi paliandikwa kwamba hajulikani. Jina la mchoraji lilijulikana karibu kila mara. Hilo linaniuma. Aliyekinakili kitu ana jina, aliyekitoa kwenye gogo hana.

Schimmel, aliyemchonga tai huyu wa ukutani, ni mmoja wa wachache wenye jina, nami nataka tukae naye kidogo.

Wilhelm Schimmel alikuwa mhamiaji Mjerumani aliyezunguka bonde la Cumberland, Pennsylvania, karibu na mji wa Carlisle, tangu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani mpaka kifo chake mwaka 1890. Hakuwa na nyumba. Alikwenda shamba hadi shamba, akilala ghalani au jikoni, akilipa malazi na chakula, na pombe pia, kwa michongo. Majogoo, kasuku, mbwa, kindi wadogo, na zaidi ya wote tai, wengine wa kushika mkononi, wengine wenye mabawa yanayokaribia urefu wa mtoto. Kisu cha mfukoni na vipande vya msonobari vilivyobaki kwa maseremala, ndiyo karakana yake. Mabawa aliyachonga mbali na mwili kisha akayapachika. Juu ya mbao alipaka plasta nyembamba na rangi zozote alizopewa. Alikuwa mkali, mlevi, watoto walimwogopa. Alifia katika nyumba ya maskini ya wilaya.

Tazameni tena kifua cha tai. Seremala wa kawaida angechonga kila unyoya kwa umbo lake. Schimmel hakujali unyoya. Aligonga safu za mikato inayoinuka kama meno ya msumeno, mwili mzima ukawa mkali, ukaonekana unatetemeka kwa hasira. Hakufundishwa na mtu. Na hapa ndipo ninapomheshimu mchoraji wa Fahirisi, kwa sababu kishawishi ni kikubwa cha kumrekebisha. Mdomo uko upande kidogo, uuache upande. Bawa la kushoto zito kuliko la kulia, liache zito. Wachoraji hawa wengi walikuwa na mafunzo mazuri, baadhi walikuwa wanamajaribio wa sanaa ya kisasa waliolazimika kuweka kando mtindo wao wenyewe. Kukaa majuma mbele ya kazi ya mlevi wa barabarani na kutoigusa hata kwa nia njema ni adabu kubwa.

Picha ijayo, tafadhali. Sasa tunakuja baharini, na hapa ni kwetu pia.

Meli za mbao za New England zilikuwa na mchongo omoni, chini ya mlingoti ule unaotokeza mbele. Nyingine zilibeba sanamu nzima ya mtu: mwanamke mwenye vazi linalopeperuka, shujaa wa vita, binti wa mwenye meli. Nyingine, hasa ndogo, zilikuwa na nakshi ya kujikunja tu. Tezini nako ziliwekwa mbao za nakshi, mara nyingi tai mwenye mabawa yaliyotandazwa. William Rush wa Philadelphia, aliyefariki 1833, alifikisha fani hii mahali pa sanaa kuu. Katika mji wa Salem, Massachusetts, Samuel McIntire alichonga nakshi za nyumba za matajiri wa bandari, tai, vikapu vya matunda, na kazi za meli vilevile. Baadaye, huko Kittery Point, Maine, John Haley Bellamy alitengeneza tai kwa wingi kiasi cha kuwa alama yake. Mkubwa wao, aliyekaa omoni mwa manowari Lancaster, ana upana wa mabawa wa mita tano na nusu hivi na uzito wa kilo zaidi ya 1,400. Yuko Mariners' Museum, Virginia.

Nimetaja Salem kwa makusudi. Mwaka 1833 Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Edmund Roberts wa Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, akafika hapa Unguja. Alikuwa mtu wa Salem. Meli za Salem zilileta marekani, ile nguo ya pamba iliyovaliwa mpaka Maziwa Makuu, zikaondoka na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Sandarusi yetu ilioshwa na kusafishwa Salem, ikawa vanishi ya samani na mbao za New England. Kwa hiyo mafundi wa pande hizi mbili hawakujuana majina, lakini bandari yao ilikuwa moja, na utomvu uliochimbwa ardhini Mrima ulikuwa unang'arisha mbao za upande wa pili wa dunia wakati mafundi wa hapa wanachonga milango yao.

Sanamu za meli zilikuwa na maisha mabaya. Chumvi, jua, kupakwa rangi upya kila baada ya safari, mkono kung'oka kwa wimbi na kubandikwa mwingine. Meli ikivunjwa, sanamu ilikatwa ikawekwa bustanini au juu ya mlango wa duka la bandarini. Chuma na mvuke vilipoingia omo mpya haikuwa na mahali pa kuiweka. Wachoraji wa Fahirisi walizikuta sanamu hizo zikiwa na matabaka mengi ya rangi, mikunjo ya nguo imejazwa rangi mpaka imekuwa butu. Walichora ule ubutu. Sijui mchoraji mwingine angevumilia vipi kuchora ukingo laini akijua chini yake upo ukingo mkali uliochongwa na bwana wa kazi, lakini ushahidi ni wa kile kilichopo.

Wachongaji wa meli waliokosa kazi walihamia mjini, na huko ndiko kwenye sehemu ya mhadhara huu iliyonifanya nikubali kuja.

Mbele ya maduka ya tumbaku ya Marekani, katika nusu ya pili ya karne ya 19, palisimama sanamu za mbao zenye kimo cha mtu au zaidi. Nyingi zilikuwa za mwenyeji wa asili wa Marekani, mwanamume au mwanamke, kavaa manyoya kichwani, mkononi kashika fungu la majani ya tumbaku au sigara. Desturi ilitoka Uingereza, ambako tangu karne ya 17 wauza tumbaku waliweka vijisanamu vya mtu mweusi aliyevikwa manyoya na sketi ya majani ya tumbaku, mchanganyiko wa Mwafrika na mwenyeji wa Amerika ambao haukuwahi kuwako popote duniani isipokuwa katika kichwa cha mwenye duka. New York palikuwa na karakana mashuhuri ya Samuel Robb. Walinunua milingoti ya zamani ya msonobari mweupe, wakaikata kwa shoka, wakamalizia kwa patasi na bobari, mikono ikachongwa mbali na kuunganishwa, kisha rangi. Kitako kilitiwa magurudumu ili sanamu iingizwe ndani usiku. Mwishoni mwa karne miji ikaanza kupiga marufuku vitu vinavyoziba njia za waendao kwa miguu, na taa za umeme zikawa tangazo jipya. Maelfu ya sanamu zikaishia kuwa kuni.

Fahirisi ilizichora zilizobaki, na ilizichora vizuri mno. Ukiona jinsi mchoraji alivyofuata punje za mbao shavuni, ufa uliopita katikati ya jicho, nyekundu ya vazi iliyogeuka ya kutu, utapenda tu.

Lakini sasa sikilizeni. Sera ya Fahirisi iliacha nje kazi za wenyeji wa asili wa Marekani wenyewe. Maelezo yalikuwa kwamba wanaethnolojia, yaani watafiti wa mila za makabila, na makumbusho yao walikuwa tayari wanazishughulikia. Maana yake, mwenyeji aliyechongwa na mzungu aliyeona watu wale kwenye michoro ya magazeti aliingia katika kumbukumbu ya taifa kama ubunifu wa Marekani. Mwenyeji aliyechonga mwenyewe hakuingia. Sura yake iliitwa, mkono wake haukuitwa.

Na Wamarekani Weusi? Kazi zao humo ni chache mno ukilinganisha na walivyofanya. Maseremala, wafinyanzi, wahunzi na wachongaji wa Kusini waliokuwa watumwa walijenga vitu vingi ambavyo nchi ile inajivunia, lakini Fahirisi ilisimama zaidi kaskazini-mashariki na ilitafuta zaidi makusanyo ya watu wenye kumiliki. Mfano wa kilichokuwepo tunao. Mkono mwingine wa WPA ile ile, Mradi wa Waandishi, ulikwenda pwani ya Georgia kwa jamii za Gullah Geechee, wazao wa Waafrika waliokuwa watumwa, na kitabu cha mradi huo cha mwaka 1940 kina fotografia za fimbo zilizochongwa nyoka, mijusi na watu. Waandishi waliziona. Wapiga picha waliziona. Nani angekaa majuma na brashi mbele ya fimbo hizo? Hakutumwa mtu.

Sisemi hivi ili kuwadharau wale wachoraji. Mchoraji wa Boston alipewa tai amchore, na akafanya hivyo kwa moyo wote. Nasema kwa sababu wengi wenu hapa, vijana, mtapewa miradi ya kuorodhesha na kuchora urithi. Makosa ya mchoro huonekana, mtu huyaona na kuyasahihisha. Makosa ya orodha hayaonekani, kwa kuwa kisichokuwa kwenye orodha hakina hata picha mbaya ya kulalamikiwa.

New Mexico ni habari tofauti kidogo na yenye kutia moyo. Huko mafundi wa Kikatoliki wanaosema Kihispania walichonga watakatifu kwa mizizi ya mti mlaini, wakaifunika kwa plasta ya jasi na kuipaka rangi. Mchoraji E. Boyd alizama katika kazi hizo kwa ajili ya mradi, na mwaka 1938 lilitolewa jalada la mabamba 50, yaliyochapwa na kutiwa rangi kwa mkono. Kazi hiyo ilimfanya mtafiti wa maisha. Baadaye alisimamia sanaa ya kikoloni ya Kihispania katika makumbusho ya jimbo hilo. Kule kule Taos, mchongaji Patrociño Barela alikuwa akilipwa na mradi uleule wa sanaa ili achonge vipya, na kazi zake zikapelekwa New York mwaka 1936. Jimbo moja, wakati mmoja, michongo ya kale inachorwa na mchongaji aliye hai analipwa mshahara. Hilo ningetamani lifanyike kila mahali: usiandike tu habari za fani, mlipe na aliyeishika patasi leo.

Mchoro mmoja wa Fahirisi ulifika mbali kuliko yote, ingawa si wa mbao. Ni Malaika Jibrili anayepuliza tarumbeta, kionyesha upepo cha mwaka 1840 kutoka kanisa moja la Newburyport, Massachusetts. Lucille Chabot alikichora mwaka 1939. Madini yaliyokaa juu ya paa kwa karibu miaka mia, yamechubuka na kubadilika rangi, na yeye akayapata kwa maji na rangi tu. Mwaka 1965 posta ya Marekani iliuweka mchoro huo kwenye stempu ya Krismasi ya senti tano. Watu waliulamba na kuubandika mamilioni kwa mamilioni, wengi wao bila kujua kwamba uliwahi kuwa mshahara wa juma wa mtu aliyekuwa hana kazi.

Yaliyobaki ni mafupi. Marekani iliingia vitani mwishoni mwa 1941, miradi ya sanaa ikafungwa. Fahirisi ilikaa kwa muda Metropolitan Museum, New York, kisha mwaka 1943 ikahamishiwa National Gallery. Mpango wa awali wa kuichapisha yote kwa majalada na kuisambaza nchi nzima haukutimia. Mhifadhi wake, Erwin Christensen, alitoa kitabu kikubwa mwaka 1950, na baada yake vikaja vingine, lakini sehemu kubwa ya michoro ilibaki makabatini. Rangi za maji haziwezi kutundikwa ukutani mwaka mzima, mwanga huzila. Kuanzia 2002 makumbusho yalifanya onyesho zuri kwa njia ninayoiona sahihi: michoro ikawekwa pembeni ya vitu vyenyewe, sanamu na picha yake zimesimama pamoja, mtu anatazama huku na kule. Wakati mwingine macho yalichoka na mbao yakarudi kwenye karatasi, maana karatasi ilimwonyesha pa kuangalia.

Siku hizi makumbusho hayo yametia picha za Fahirisi kwenye tovuti yake, zinapakuliwa bure na kutumiwa na yeyote bila kuomba ruhusa. Nimechapisha chache kwa ukubwa wa kutosha, ziko kwenye ile meza ya dirishani: tai, sanamu ya duka la tumbaku, farasi wa bembea ya kuzunguka, bata wa mbao wa kuwavutia bata hai kwenye kinamasi. Mafundi nawaomba mzitazame kwa jicho lenu, mniambie kwa kila mmoja ni patasi ipi ilitumika na wapi mchongaji aliharakisha. Mambo hayo mimi siyaoni, ninyi mtayaona. Wanafunzi wasimame karibu na kuandika. Tuanze na mzee aliyeuliza kuhusu fotografia, nimeona mkono wake bado uko juu.